Saa Iliyokimbia Ulyankulu

Vijana, ukiingia sebuleni kwangu hapa Isevya utaona ukutani duara moja ambalo rangi yake haijafifia kama kwingine. Mke wangu amechoka kuniambia tutundike kalenda pafunikwe. Namwambia paache. Hapo palikuwa na saa ya umeme, na jinsi ilivyotoka hapo ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia. Mwalimu wenu wa chuo aliponijia na soda zake mbili akaniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi, nadhani alitegemea ushujaa. Ushujaa upo kidogo, nitauchomeka humo humo. Kilichobaki ni aibu, na wala si aibu ya ujana ambayo mtu huisimulia huku akicheka. Hii imenipata juzi juzi tu, nimeshastaafu, nina kofia yangu ya viua na wajukuu wa kuniletea maji ya kunawa.

Mimi ni Khalfani, fundi mitambo. Watu wa kwetu walifika Tabora na misafara, zamani zile za kutoka pwani kwenda Ujiji; mmoja wao akaoa hapa, akaona hana haja ya kuendelea wala kurudi. Tangu hapo sisi ni watu wa duka. Mimi peke yangu katika ndugu zangu ndiye niliyetoka na mikono ya grisi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alisikitika sana, hasa sikukuu ya Idi nilipokuwa nawapa wageni kiwiko badala ya mkono.

Nilifanya kazi kwenye nyumba ya mitambo ya dizeli iliyokuwa ikiwasha mji huu kabla ya laini kubwa ya gridi kutufikia. Hata laini ilipofika tuliwekwa kama akiba. Ninyi mmezaliwa mkaukuta umeme ukutani. Sisi tuliutengeneza, na tuliutengeneza kwa masikio. Umeme wetu unatakiwa uende na kurudi mara hamsini kwa kila sekunde. Hiyo ndiyo frikwensi, na sisi tuliiita kwa jina moja tu, hamsini. Mji ukiwasha pasi na majiko, mtambo unaelemewa, mwendo unapungua, hamsini inashuka, nawe unauongezea mafuta. Watu wakizima, mtambo unakuwa mwepesi, unataka kukimbia, nawe unaupunguzia. Kutwa nzima kazi ilikuwa hiyo, kuongeza na kupunguza, mkono kwenye gurudumu la mafuta na sikio kwenye mngurumo.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Masanja, mtu wa Bukene, mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alikuwa akiweka kiganja juu ya mtambo na kufumba macho, kisha anasema, "Huyu silinda ya tatu ana mafua." Ukifungua unakuta kweli. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kuunganisha mtambo wa pili na ule uliokwisha kuwaka. Kulikuwa na taa tatu ubaoni. Mitambo ikiwa haijapatana mwendo, taa zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika, polepole. Unangoja zizimike kabisa, na katikati ya giza lile ndipo unabamiza swichi. Siku yangu ya kwanza nilibamiza zikiwa zinawaka. Sakafu iliruka, mji wote ukazimika, na chai ya Fundi Masanja ikammwagikia mapajani.

Akajifuta taratibu. "Uliziona taa?"

"Niliziona, Fundi."

"Zilikuwa zinawaka?"

"Zilikuwa zinawaka."

"Basi ulidhani ni taa za harusi."

Kwa muda mrefu baada ya hapo jina langu kazini lilikuwa Bwana Harusi. Hilo mnaweza kulicheka, mimi mwenyewe nalicheka.

Sasa nije kwenye saa. Juu ya ubao wa swichi ilitundikwa saa kubwa ya duara, uso mweupe, namba nyeusi. Haikuwa na betri wala ya kutia ufunguo. Ilikwenda kwa umeme ule ule tuliokuwa tukiutengeneza, ikihesabu ile hamsini. Tukiwa chini ya hamsini, saa inachelewa. Tukizidi, inakimbia. Mita inakuambia uko wapi sasa hivi, lakini saa inakumbuka ulichokifanya kutwa nzima, kwa hiyo huwezi kuidanganya kwa kukaza gurudumu bosi anapoingia. Kabla ya kukabidhi zamu tulikuwa tunapiga simu stesheni ya reli, wao walikuwa na saa yao ya kutia ufunguo, tunalinganisha. Watu wa reli hawakutuacha. "Jamani, huko kwenu ni saa ngapi? Maana huku kwetu bado ni leo." Na ukikabidhi zamu saa ikiwa si sahihi, kahawa na kashata za wenzako ni juu yako.

Kuchelewa kwa saa Fundi Masanja alikusamehe. Mzigo umezidi, mafuta machafu, mambo hutokea. Kukimbia hakukusamehe hata kidogo, kwa sababu mtambo kukimbia ni kwamba ulikuwa mwepesi na hapakuwa na mtu wa kuushika. Alikuwa anasimama mbele ya saa, mikono nyuma, anasema, "Saa ikikimbia, fundi amelala." Alisema hivyo mpaka anastaafu. Nami nikasema hivyo mpaka nikastaafu.

Niliyemwambia mara nyingi zaidi ni Zuwena. Alikuja kwetu akiwa mwanafunzi wa ufundi, binti wa mfanyakazi wa reli huko huko Bukene, mrefu, mkimya, kichwa chepesi. Alikuwa na tabia moja iliyonifurahisha mno: anauliza mpaka anaelewa, na ukishamwambia jambo halibadilishi. Wapo vijana unawaelekeza kulia, wanaenda kulia kidogo na kushoto kidogo. Zuwena ukimwambia hamsini, ni hamsini. Katika zamu zake saa ile ilikuwa inalingana na ya reli mpaka watu wa stesheni wakakosa la kututania. Nilikuwa najisifu kwa ajili yake. Nilisema mbele za watu kwamba mwanafunzi wangu ni mimi mwenyewe niliyevaa gauni.

Mitambo ya dizeli ilipozimwa moja kwa moja, nikaomba saa, nikapewa, nikaitundika sebuleni. Kwa umeme wa gridi ikawa inakwenda vizuri tu. Miaka ikapita. Siku moja Zuwena akaja kuniaga: amepata kazi kwenye kampuni moja ya watu binafsi inayowasha kijiji cha upande wa Ulyankulu kwa sola na betri, naye ndiye atakuwa fundi wa kituo. Nilifurahi nikasahau umri wangu, nikapanda juu ya stuli, nikaishusha saa. Mke wangu akaifunga kwenye khanga. Nilimkabidhi kama mtu anayekabidhi mkoba wa uganga.

"Itundike mahali unapoiona," nikamwambia. "Nayo ikikimbia?"

"Fundi amelala," akaitika, akapiga goti akaipokea.

Nilikwenda kumtembelea mara moja huko mwanzoni. Mnaijua njia yenyewe, vumbi, miombo, mabanda ya kukaushia tumbaku, wauza asali na madumu yao. Kijiji kile ni cha watu ambao wazazi wao walikuja zamani kama wakimbizi kutoka Burundi, leo wanalima mahindi na tumbaku na kuchangamka kuliko sisi wa mjini. Zuwena akanionyesha chumba chake. Masanduku meupe ukutani, yale ndiyo inveta, zinazoufanya umeme wa sola na betri uende na kurudi, na makabati ya betri chini yake, na kimya. Mimi niliyezoea mtambo unaotikisa meno nilihisi nimeingia kwenye chumba cha maiti. Akapiga simu kwa Mama Nyamizi, mwenye mashine ya kusaga iliyo mwisho kabisa wa laini, akamwambia awashe. Nikasimama nikingoja mngurumo uzame kama zamani mashine kubwa inapowashwa. Hakuna kilichozama. Kwenye kioo cha vipimo frikwensi ilitikisika kidogo ikarudi palepale. Akaniambia betri zimejibu kabla hata jiwe halijazunguka vizuri, na kwamba huko mwisho wa laini, ambako zamani umeme ungefika mdogo, taa hafifu na mota inaunguruma bila kuvuta, kuna inveta nyingine inayousukuma juu ubaki sawa.

Nilipaswa kuuliza inafanyaje. Badala yake nikasema, "Kumbe ni simu kubwa tu." Watu waliokuwa mlangoni wakacheka, nami nikaridhika na kicheko chao. Saa yangu ilikuwa ukutani, juu ya meza yake. Nikaondoka bila kujifunza kitu.

Baada ya hapo, siku ya siku, nikaitwa. Kampuni ile ilinipigia simu kwa heshima kubwa: kituo cha Ulyankulu kimezimika, inveta moja imeungua, kijiji kiko gizani siku kadhaa kikisubiri kifaa kutoka Dar es Salaam, wananchi wamekasirika, kuna mkutano. Wangependa mtu mzima anayeujua umeme na anayeheshimika akae nao. Nikapiga pasi kanzu yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Injinia wa kampuni alikuwa kijana anaitwa Frank, ametoka Dar, shati limechomekewa, macho yamechoka kwa kutolala. Akaeleza kwa kifupi. Mtu wa kituo alibadilisha mipangilio ya inveta. Siku ya msiba wa mzee mmoja maarufu, kijiji kizima kilikuwa makaburini, mashine zote zimefungwa, jua kali. Kituo kikashindwa, kikaunguza kifaa, kikazimika. Chanjo za zahanati ilibidi zikimbizwe kwa pikipiki zikiwa kwenye barafu. Kampuni imemwagiza kwamba kama fundi aligusa kwa utundu wake mwenyewe, aondoke leo.

Zuwena alikuwa amekaa dawati la mbele, mikono mapajani.

Mwenyekiti akanikaribisha. "Huyu ni Mzee Khalfani, ameushika umeme wa Tabora tangu wengi wetu hatujazaliwa. Mzee, tusaidie."

Nikasimama. Nakumbuka nilikohoa kwanza, watu wanyamaze vizuri. "Mtambo hauguswi na mtu asiyeujua," nikasema. "Zama zetu, fundi wa namna hiyo angekwenda nyumbani siku hiyo hiyo, tena kwa miguu." Darasa likaguna kwa kukubali. Nilikuwa sijauliza hata kilichoguswa ni kitu gani. Nilijua ni Zuwena, nilimwona, nami nikasema hivyo hivyo, kwa sababu nilitaka ionekane kwamba sipendelei mtu wangu. Nilikaa nikijiona mwadilifu.

Mama Nyamizi akasimama nyuma kule. Ni mwanamke wa sauti, amezoea kushindana na mashine. "Binti, mimi sina ugomvi na wewe. Nauliza tu. Nani alikutuma uguse?"

Zuwena akainuka. Hakuniangalia. "Hakuna. Niliamua mwenyewe."

Injinia Frank akafuta uso kwa leso, akasema tupumzike kidogo, watu wanywe maji, akirudi atatoa uamuzi. Akanichukua kwenda kituoni nione. Tukiwa njiani nikamuuliza hasa kilichobadilishwa ni nini.

"Mzee wangu, alizizuia inveta za betri zisipande juu ya hamsini."

Nikasimama katikati ya njia. "Sasa kosa liko wapi?"

Yule kijana angeweza kunicheka. Hakunicheka. Tulipoingia alivuta stuli akanikalisha mbele ya makabati, akanieleza taratibu, na mimi nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa. Pale kuna inveta za aina mbili. Za betri ndizo zinazoongoza, zinapiga hatua na nyingine zote zinazifuata. Za sola kazi yake ni kusukuma jua lote zinalolipata. Hazina waya wa kuzungumza kati yake, wala haziuhitaji, maana zinazungumza kwa frikwensi. Betri zikijaa na jua bado linamwagika, inveta za betri hupandisha mwendo makusudi, kutoka hamsini kwenda juu kidogo, na kidogo tena. Inveta za sola zikiona hivyo zinaelewa kwamba betri zimeshiba, zinapunguza. Jua likipungua au watu wakiwasha mashine, mwendo unarudi hamsini. Ule mwendo kupanda si usingizi wa mtu. Ni mtu anayesema imetosha.

"Yeye akaziba mdomo," akasema Frank. "Siku za kawaida haikuonekana, mashine za kusaga zilikuwa zinalila lile jua. Siku ya msiba hakuna aliyekula. Sola zikaendelea kulisha betri zilizojaa, zikalisha, hakuna aliyeziambia ziache. Betri zikajitoa kujilinda. Ikawa hakuna kiongozi, umeme ukapanda ovyo, inveta ikaungua." Akaniashiria sanduku moja lililokuwa na weusi pembeni. "Lakini ninachojiuliza ni kwa nini. Huyu dada ni makini kuliko mafundi wote niliowaweka kwenye vituo. Na ni kweli hatukumfundisha sehemu hii vizuri, hilo nitalijibia kwa wakubwa. Ila mtu makini hagusi bila sababu."

Nilikuwa nimeinua macho. Saa yangu ilikuwa ukutani, imesimama tangu umeme ulipokatika, uso wake mweupe umefutwa vumbi vizuri.

Nikaikumbuka simu.

Ilikuwa alasiri, tuko barazani na rafiki zangu, kahawa imeletwa, tunacheza karata. Simu ikalia, nikaona ni Zuwena, nikaweka sauti kubwa. Mnajua kwa nini niliweka sauti kubwa? Ili wenzangu wasikie kwamba mimi bado naulizwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Habari za Ulyankulu?"

"Nzuri. Mzee, saa yako huku inakimbia. Mchana jua likiwa kali inakimbia, jioni inatulia. Nimeangalia sijaona hitilafu."

"Saa ikikimbia tunasemaje?"

"Fundi amelala."

Baraza zima likaangua kicheko. "Basi amka, mama," nikasema. "Ishike hamsini." Nikakata simu, zamu yangu ya kutupa karata ilikuwa imefika.

Someni tena maneno yake, vijana. Mchana jua likiwa kali inakimbia, jioni inatulia. Alikuwa amenipa jibu lote mkononi. Angeniambia Fundi Masanja mtambo unakimbia saa fulani na kutulia saa fulani, angeweka kiganja, angefumba macho, angeuliza, una nini huyu? Mimi niliuchukua usemi wake nikauacha ule utaratibu wake wa kuuliza. Nilimfundisha binti wa watu kuutii usemi huo, nikampa na saa ya kumkumbusha.

Zuwena alikuwa ametufuata kituoni, yuko chumba cha pili, anakusanya vitu vyake: tesita, chupa ya chai, kandambili, mswala. Nikasimama mlangoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, Mzee?"

"Kwamba ulinipigia. Kwamba ni mimi."

Akaendelea kukunja mswala. "Ningesemaje, na wewe umekaa mbele za watu?"

Hapo ndipo aibu iliponishika barabara, si pale kwenye saa. Kwenye saa nilijiona mjinga, na ujinga mtu huuzoea. Hapa nilimwona mtu niliyemtukana mbele ya kijiji, akinistiri mimi niliyemtukana, kwa heshima ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyemdai miaka yote. Nilitaka kusema nisamehe, neno halikutoka. Nikatoka mimi.

Niwaambie ukweli, kutoka kituoni mpaka darasani si mbali, lakini nilipata nafasi ya kutafuta njia nyingi za kukwepa. Niliwaza nimwombe Frank pembeni, mambo yaishe kimya kimya. Niliwaza niseme kwamba kulikuwa na kutoelewana. Nilifika sijaamua. Watu walikuwa wamekwisha kukaa, Frank ameshasimama, ameshafungua mdomo, na Zuwena ameingia na mkoba wake mkononi. Ule mkoba ndio ulionisimamisha.

"Injinia, subiri," nikasema. "Aliyemwambia afanye vile ni mimi. Alinipigia simu akaniuliza, nikamjibu kwa mzaha bila kumsikiliza. Mashine hizi sizijui. Nilijifanya nazijua."

Kisha Mama Nyamizi akainuka pole pole nyuma kule.

"Baba, samahani. Si wewe uliyesema fundi wa namna hiyo aende nyumbani?"

"Ni mimi."

"Tena kwa miguu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nenda nyumbani, baba."

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia maishani mwangu. Hakikuwa cha ubaya, na nadhani ndiyo maana kiliniuma zaidi. Mwenyekiti alikuwa anapiga meza watu wanyamaze huku yeye mwenyewe mabega yanamtikisika. Nilitoka nikiwa nimeshikilia kanzu kama mtu anayevuka dimbwi, nikaenda kukaa ndani ya pikapu ya kampuni, juani, vioo vimefungwa. Zuwena peke yake hakucheka. Nilimwona nilipopita, alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea kwenye mkoba.

Frank alinifuata baadaye akagonga kioo. "Mzee wangu, anabaki. Hatagusa mipangilio mpaka nimfundishe upya na nimpime. Nimewaambia wakubwa kosa ni letu pia." Akasita. "Na wewe ukitaka, njoo siku hiyo. Kiti kipo."

Nikamwambia asante. Sikwenda. Zuwena alinipigia simu, sikupokea. Alipiga Ijumaa, alipiga siku ya kwanza ya mfungo, mke wangu akawa anapokea anasema Mzee amelala, na neno lile amelala likawa linanichoma kila alipolisema. Rafiki zangu wa barazani wakauliza kulikoni siku hizi siweki simu sauti kubwa. Nikawaambia spika imekufa.

Mwishowe mke wangu ndiye aliyenifukuza. "Mtoto amekustiri, wewe unamkimbia. Kati yenu nani aliyekosa?" Nikapanda gari la Ulyankulu asubuhi.

Nilimkuta yuko kazini, inveta mpya iko ukutani. Alinipokea kama vile nilitoka jana, shikamoo Mzee, karibu Mzee, chai hii hapa. Nilianza maneno yangu niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, akanikatisha kwa adabu: "Mzee, kunywa kwanza." Nikanywa. Lile neno nililolishindwa siku ile mlangoni nikalisema ndani ya kikombe, nisamehe mwanangu, sijui kama alilisikia vizuri. Alisema, "Yamekwisha."

Saa ilikuwa palepale, inatembea. Nikatoa simu yangu nikalinganisha. Ilikuwa mbele kwa dakika kadhaa. Mkono wangu ukainuka wenyewe kwenda kwenye kifundo cha kuirudisha nyuma.

"Iache, Mzee."

Nikaushusha mkono.

Zuwena akanieleza kwamba kila asubuhi anaiweka sawa na simu yake. Ikianza kukimbia mchana, anajua betri zimejaa na jua linatupwa bure. Kadiri inavyokuwa mbele, ndivyo jua lilivyotupwa; kwenye kioo pia ipo, lakini kioo kinasema la sasa hivi, na saa inakumbuka kutwa nzima. Maneno hayo niliyasema mimi, zamani, nikiyamaanisha jambo jingine. Akachukua simu. "Mama Nyamizi, saa imekimbia. Washa." Mbali kule mwisho wa laini tukasikia mashine inaanza kusaga, na kwenye kioo mwendo ukashuka pole pole ukatua hamsini. Siku hizi Mama Nyamizi husaga mchana, na pampu ya maji hujaza tangi mchana, kwa amri ya saa ile.

Ndipo mlipoingia ninyi, siku ile ya ziara, na madaftari yenu na mwalimu wenu. Mmoja wenu akauliza saa ile kuukuu ni ya nini. Zuwena akawaeleza kazi yake, akawaeleza vizuri kuliko mimi hapa. Halafu akasema, "Nilipewa na mwalimu wangu. Huyu hapa. Msalimieni."

Mkaja kwenye stuli yangu, wasichana kwa wavulana, mkaniinamia. Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mzee. Nikaitikia marahaba, marahaba, kila mmoja wenu, nikiangalia sakafu. Mlipotoka nilimsikia kijana mmoja nje akimwambia mwenzake kwamba yule mzee ana maringo, haangalii watu usoni. Hayakuwa maringo, mwanangu.